Hata kwa Saa Moja Tu

Nilimfahamu kwa sauti kabla sijamfahamu kwa sura. Ilikuwa siku ya kwanza ya mafunzo ya wadadisi, tumepangwa wawili wawili, mmoja anauliza na mwenzake anajibu, na nyuma yangu kulikuwa na mwanamke anayesoma dodoso kama mtu anayesoma majina ya waliofika mkutanoni. Hapandishi, hashushi. "Katika siku saba zilizopita, ulifanya kazi yoyote kwa malipo au kwa faida, hata kwa saa moja tu?" Mkufunzi alinyanyua mkono, akatunyamazisha ukumbi mzima. "Mmemsikia huyo?" akasema. "Ndivyo inavyoulizwa."

Mimi nilikuwa mwalimu wa jiografia miaka thelathini na moja kabla ya kustaafu, na mwalimu ana ugonjwa wake: anauliza swali huku uso unasema jibu. Yeye hakuwa na ugonjwa huo. Alikuwa mpiga chapa kwenye ofisi moja ya masjala mpaka zilipokuja kompyuta na kila bosi akaambiwa ajipigie barua zake mwenyewe. Umri wake ulikuwa arobaini na kitu, mwembamba, raba nyeupe miguuni, mkoba begani. Mtaani kwao walikuwa wameshambatiza Mama Maswali, nasi kazini tukalipokea jina hilo hilo. Mimi aliniita Mwalimu. Tulifanya kazi pamoja miaka sita, kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu, ile ambayo ikiisha unarudi nyumbani kuitazama simu.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Serikali inataka kujua watu wangapi wana kazi na wangapi hawana. Haiwezi kuwauliza wote, kwa hiyo inachagua kaya chache kwa hesabu, na sisi tunabisha hodi. Maswali hatukuyatunga sisi. Yalitungwa na wataalamu wa nchi nyingi waliokaa chini wakakubaliana kazi ni kitu gani, ili nchi moja ikisema watu wake saba katika mia hawana kazi, nchi nyingine ijue inalinganisha nini na nini. Walichokubaliana ni hiki: ukifanya kazi ya malipo saa moja katika wiki, una kazi. Na ili uhesabiwe kwamba huna kazi, lazima mambo matatu yakutane. Hukuifanya hata hiyo saa moja, ulikuwa unatafuta ndani ya wiki nne, na uko tayari kuanza ukiitwa. Moja kati ya hayo mawili ya mwisho likikosekana, huna kazi, lakini wewe pia si mtu asiye na kazi. Uko nje. Kwenye jedwali wanaandika hivyo hivyo: nje ya nguvukazi.

Nakumbuka chumba kimoja cha fundi rangi aliyekaa miezi bila kupata ukuta wa kupaka. Mama Maswali alimuuliza swali la saa moja. Fundi akafikiri, akasema Jumanne alimfungia jirani kitasa, jirani akampa pesa kidogo.

"Kwa muda gani?"

"Kama saa moja na nusu. Skrubu zilikuwa na kutu."

Akabofya kwenye tableti. Fundi akanyoosha shingo. "Umeandika nini hapo?"

"Kwamba una kazi."

Yule bwana alicheka mpaka mkewe akatoka uani kuja kuangalia kuna nini. "Dada, naomba uniandikie kwenye karatasi," akasema, "nimpelekee mwenye nyumba."

Mama Maswali hakucheka, wala hakumwomba radhi. Alingoja amalize, akaendelea na swali linalofuata. Nilichokiona kwa miaka hiyo sita ni kwamba watu hawakulia mbele yake. Mbele yangu walilia, wakanishika mkono, wakanitolea vyeti vya watoto wao kutoka chini ya godoro. Mbele yake walijibu. Nadhani walishukuru.

Mengine ya nyumbani kwake aliniambia vipande vipande, tukiwa tumekaa kwenye ngazi za watu kupumzisha miguu. Alikuwa anaishi na mumewe na mama mkwe. Binti yao mmoja alikuwa amekwishaolewa mbali. Mumewe alifanya kazi kiwanda cha chupa miaka kumi na tisa. Alikuwa mkaguzi: anakaa mbele ya taa nyeupe, chupa zinapita kwenye mkanda, yeye anaitoa yenye ufa. Ufa mwembamba kama unywele, yeye anauona. Wenzake walimpa jina la Darubini.

Kiwanda kilifungwa kwa utaratibu mzuri kabisa. Kwanza wateja walihamia chupa za plastiki, kisha wenye kiwanda wakahamisha tanuru kwenda nchi nyingine ambako, kwa maneno ya tangazo lililobandikwa getini, gesi ni nafuu na mazingira ya ajira ni nyumbufu zaidi. Darubini alirudi nyumbani na neno hilo mdomoni. Akamuuliza mkewe, kwa kuwa mkewe ndiye mtu wa maneno ya ofisini, nyumbufu ni nini.

"Kinachopinda bila kuvunjika," akamwambia.

Darubini akafikiri. "Chupa haipindi," akasema, akaenda kuoga.

Sheria ilifuatwa. Walipewa notisi ya mwezi, mafao, na cheti cha utumishi chenye muhuri. Halafu ukaja mradi wa serikali wa kuwageuza walioachishwa kazi kuwa wajasiriamali. Siku tano ukumbini, daftari na kalamu bure. Mkufunzi aliwaambia mchagua jembe si mkulima. Wakafundishwa kutengeneza sabuni ya maji. Wanaume hamsini na wawili waliotoka kiwanda kimoja, wakaazi wa mitaa mitatu iliyopakana, wote wakatengeneza sabuni ya maji. Wakawa wanauziana wao kwa wao.

"Miezi miwili ile, Mwalimu," aliniambia, "hapakuwa na watu wasafi duniani kama sisi." Kisha akaendelea kumenya chungwa lake.

Mwaka wa kwanza Darubini alitafuta kazi kweli kweli. Alikuwa na bahasha ya kaki yenye nakala za vyeti, akiishika kwa ncha za vidole isichafuke. Alikwenda viwanda vya rangi, vya biskuti, vya misumari. Mlinzi mmoja wa getini walizoeana mpaka akawa anamwambia kutoka mbali, "Leo hapana, kaka, usijichoshe kuvuka barabara." Mwaka wa pili alikwenda mara mojamoja. Mwaka wa tatu bahasha ilikuwa juu ya kabati, na mkewe hakuweza kuniambia ni lini iliwekwa pale.

"Hakuna siku aliyosema ameacha," alisema. "Ingekuwepo siku, tungegombana siku hiyo tukamaliza."

Hawakugombana. Mumewe aliamka pamoja naye alfajiri, akachemsha maji, akampigia raba zake brashi. Yeye anatoka kwenda kuwauliza watu kama wanatafuta kazi, mumewe anabaki kwenye kiti karibu na dirisha. Jioni anarudi, anamkuta kwenye kiti kile kile, ila shati limebadilika. Anamuuliza habari za kutwa. Anamwambia nzuri. Wanakula. Aliniambia hayo kwa sauti ile ile ya dodoso, nami nikamuuliza kama tumalize nyumba zilizobaki upande wa kushoto.

Darubini alikuwa na mdogo wake aliyekwenda kuishi nje miaka mingi nyuma, akaoa huko, akafanya kazi kwenye ghala kubwa la mizigo. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana alipiga simu, nao waliiweka juu ya meza kwa sauti kubwa ili mama asikie. Jumapili moja akawaambia ghala limenunua mashine zinazobeba maboksi zenyewe, na yeye hana kazi.

Mama yake akashika kichwa. "Sasa unakula nini, baba?"

"Nakula, mama. Napewa posho. Lakini huku kukosa kazi nako ni kazi, nakwambia. Saa mbili asubuhi niwe nimefika ofisini kwao. Kuna mama mmoja dirishani, ananiuliza wiki hii umeomba kazi ngapi. Nikisema tatu, ananiambia mkataba wetu unasema tano."

"Mkataba gani?" Darubini akauliza.

"Wa kutafuta kazi, kaka. Nimesaini. Nina kadi kabisa, ina picha yangu. Nisipokwenda, posho inakatwa. Na nimepelekwa darasani. Wamenifundisha kusalimiana. Miaka hamsini nawashika watu mikono, kumbe nilikuwa nakosea."

Darubini akaisogelea simu. "Yaani wewe una kitambulisho cha kukosa kazi."

"Ndiyo, kaka."

"Mimi hata hicho sina."

"Mwambie akutumie," mama yao akadakia. Wakacheka wote watatu, na mdogo mtu kule aliko akacheka mpaka akakohoa. Mama Maswali alikuwa jikoni anaosha vyombo. Aliniambia alisimama na sahani mkononi akisikiliza, kwa sababu hakuwa amesikia mumewe akicheka tangu mwaka uliopita, na alitaka kujua kama atacheka tena. Hakucheka tena.

Basi ukafika mzunguko wetu wa mwisho, ingawa hatukujua kwamba ni wa mwisho. Maeneo yakapigiwa kura kwenye kompyuta makao makuu, na mtaa wa Mama Maswali ukaingia. Tukahesabu nyumba, kila ya kumi na saba inachukuliwa, na yake ikawa ya kumi na saba. Kanuni inakataza mtu kuhoji kaya yake. Akamwendea msimamizi wetu, mwanamama mkali aliyependa kalamu nyekundu, akamweleza. Msimamizi akanitazama mimi.

"Mwalimu utakwenda. Na wewe, mama, utakuwa nyumbani ukihojiwa kama mwananchi yeyote."

Nilikwenda saa tisa alasiri. Sebule yao ilikuwa ndogo na safi. Makochi mawili yaliyovikwa vitambaa vya kufuma, feni isiyo na kifuniko, na friji iliyozimwa siku nyingi ambayo ndani yake walikuwa wamepanga vitabu vya binti vya shule na nguo za kupiga pasi. Mama Maswali alikuwa amekaa mikono mapajani, amevaa gauni nisilolijua. Kumuona bila mkoba ilikuwa kama kumuona mtu aliyevua miwani. Darubini alikuwa na shati la mikono mirefu lililonyooshwa vizuri, amenyoa ndevu. Aliniinukia, akanipa kiti chake cha dirishani.

Nikaanza na mama mkwe, kwa heshima ya umri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Ndiyo wewe Mwalimu? Huyu anakutaja."

"Ndiye mimi, mama. Katika siku saba zilizopita, ulifanya kazi yoyote kwa malipo au kwa faida, hata kwa saa moja tu?"

"Mimi? Nimekaa tu, baba. Juzi nilichambua mchele."

"Wa kuuza?"

"Wa kula."

"Ulilipwa?"

"Nililipwa wali."

Nilitazama kioo cha tableti nikizuia kicheko. "Hiyo haihesabiwi, mama," mkwe wake akamwambia taratibu.

"Haihesabiwi? Basi waambie waje wale mawe yake."

Mama Maswali alijibu haraka na wazi, kama mtu anayemrahisishia mwenzake. Kazi: mdadisi. Aina ya ajira: ya muda. Mkataba unakwisha lini? Ijumaa. Ungependa kufanya kazi saa nyingi zaidi ya ulizonazo? Ndiyo. Likizo ya malipo? Hapana. Nilifanya naye kazi miaka sita na sikuwahi kumuuliza hata moja kati ya hayo.

Kisha nikamgeukia Darubini. Siku saba, saa moja, malipo au faida. Akasema hapana. Shamba, biashara ya familia, kibarua? Hapana. Kuna kazi uliyoiacha kwa muda ambayo utairudia? Hapo akatabasamu kidogo. Hapana.

"Katika wiki nne zilizopita, ulitafuta kazi kwa njia yoyote? Kuandika barua, kuuliza marafiki, kwenda viwandani, kujiandaa kuanzisha biashara?"

Alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa anatazama zulia.

"Hapana," akasema.

"Sababu kuu ya kutotafuta ni ipi?"

Hapo mdadisi hasomi majibu. Anasikiliza, halafu anachagua mwenyewe namba kati ya kumi na moja zilizopo. Nje kulikuwa na mtu anayekokota kitu cha bati barabarani, tukalisikiliza bati mpaka likapita.

"Sijui, Mwalimu," akasema. "Asubuhi moja nilivaa viatu, nikakaa hapo ulipokaa. Baadaye nikavivua."

Nilikuwa na namba ya ugonjwa, ya masomo, ya uzee, ya kusubiri majibu ya maombi, ya majukumu ya familia. Kidole changu kilikuwa juu ya kioo, hakiendi popote.

"Sita," akasema Mama Maswali. Kwa sauti ile ile.

Nikabofya sita. Sita ni: amekata tamaa ya kupata kazi.

"Sita ni nini?" Darubini akauliza.

Nikajifanya natafuta ukurasa. Mama mkwe naye akasogea mbele kwenye kochi. "Ndiyo, sita ni nini, mkwe wangu?"

"Ni sababu nyinginezo, mama."

Sababu nyinginezo ni kumi na moja. Katika miaka yote tuliyokwenda pamoja, na nyumba zote tulizoingia, hilo ndilo jibu moja tu la uongo nililowahi kumsikia akilitoa mbele ya dodoso.

Lilibaki swali moja. "Kama ungepewa kazi, ungekuwa tayari kuianza ndani ya wiki mbili?"

"Kazi gani?"

"Yoyote."

"Wiki mbili," akasema, akapiga hesabu za kwake kichwani. "Ndiyo. Wiki mbili zingetosha."

Sikumwambia kwamba jibu hilo halibadilishi kitu, kwa sababu alikuwa ameshawekwa nje kwa swali lililotangulia. Nikawashukuru kwa muda wao, kama ilivyoandikwa. Mama Maswali alinisindikiza mpaka kona.

"Umeuliza vizuri, Mwalimu," akaniambia. "Ila pale kwenye sababu, ulipandisha sauti kidogo."

Mikataba yetu ikaisha Ijumaa ile. Tukarudisha tableti, tukatia sahihi, tukaambiwa tutapigiwa. Hatukupigiwa. Baadaye tukasikia idara imetoa kazi hiyo kwa kampuni inayowahoji watu kwa simu, na wadadisi wa miguu hawahitajiki tena. Mimi nina pensheni yangu ya ualimu. Yeye hakuwa na kitu.

Miezi minne baadaye matokeo yakatangazwa redioni. Ukosefu wa ajira ulikuwa umepungua kwa zaidi ya pointi moja. Msomaji akasoma na jedwali la nchi nyingine, na nchi yetu ilikuwa imesimama vizuri, vizuri kuliko hata kule aliko shemeji yake Mama Maswali. Alinipigia simu jioni hiyo, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. Akanisimulia kwamba mama mkwe wake alisikia taarifa yote mpaka mwisho, akasema, "Basi mwambieni mdogo wenu arudi. Huku kazi zimejaa."

"Na mzee mwenyewe alisemaje?" nikauliza.

"Aliniuliza yeye yuko wapi humo."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia yuko kwenye kupungua."

Alikuwa amemweleza yote, kumbe. Wiki nne, mambo matatu, nje na ndani, mpaka na sita ni nini. Darubini alimsikiliza, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeelekezwa njia, akauliza kama wamzimie mama redio alale.

Sasa mume na mke wote wakawa wa kukaa nyumbani. Wakaleta kiti cha pili dirishani. Mwanzoni Mama Maswali alitafuta. Aliandika barua kumi na tatu, akazipeleka kwa mikono yake, akamuuliza kila aliyemjua. Ofisi moja walimwambia wanataka mwenye miaka chini ya thelathini na tano mwenye uzoefu wa miaka kumi, naye akasimama hapo mapokezi akijaribu kumpata mtu huyo kichwani. Kisha mvua zikaanza, kisha raba zikaachia soli. Asubuhi moja akiwa anakunja nguo alipiga hesabu ya siku bila kukusudia, akaona wiki nne zimepita hajauliza kazi kwa mtu yeyote. Akajua namba yake. Aliniambia hakusikia uchungu. Alisikia kama mkono uliolaliwa muda mrefu, unaujua ni wako kwa sababu unauona. Akamaliza kukunja nguo.

Mama mkwe alianguka bafuni siku chache baada ya hapo. Kiharusi. Hospitali walikaa naye wiki tatu, wakamrudisha upande wa kulia hausogei na maneno yamepinda. Muuguzi akawaambia lazima ageuzwe kila baada ya saa mbili, la sivyo atapata vidonda vya mgongo, alishwe kwa kijiko akiwa ameinuliwa, asafishwe, anyooshwe viungo. Mama Maswali alidhani yote hayo yanamhusu yeye, mkwe wa kike. Ndivyo watu wanavyodhani. Alikuwa ameshakunja mikono ya gauni.

Darubini akasema, "Wewe acha. Nionyeshe tu mara moja."

Akaonyeshwa mara moja. Akahamishia kitanda cha mama sebuleni kwenye hewa, makochi wakayabana ukutani. Akabandika ratiba kwenye mlango wa friji, ya kumgeuza, ya dawa, ya mazoezi, akiweka alama kila saa mbili. Aliona wekundu kwenye kisigino kabla haujawa kidonda. Muuguzi alipopita kumkagua aliinama, akatazama, akasema yeye asingeuona. Saa tatu usiku Darubini alikuwa amelala kwa uchovu, kinywa wazi. Mkewe aliniambia hivi: "Anachoka sasa." Alilitamka neno hilo kama mtu anayetaja kitu kilichonunuliwa.

Yeye mwenyewe akapata kazi kwenye ile kampuni ya simu. Mmoja wa wakubwa pale alikuwa yule mkufunzi wetu wa siku ya kwanza, na aliikumbuka sauti. Ni ukumbi wa madawati yaliyotenganishwa na mbao, kila mtu na kipaza sauti chake kichwani. Kampuni inahoji kwa niaba ya nchi tatu, na wateja walichagua hapa kwetu kwa kuwa mishahara yetu ni midogo kuliko ya kwao. Kwa hiyo sasa anakaa kwenye kiti akiwauliza watu wa nchi ambazo hajawahi kukanyaga kama wiki iliyopita walifanya kazi hata kwa saa moja tu. Nilimuuliza kama wanajibu tofauti.

"Wanasalimia tofauti," akasema.

Mkataba wake ni wa mwezi mmoja mmoja.

Mwezi uliopita nilikwenda kuwajulia hali, Jumapili mchana. Nilikuta simu imewekwa juu ya mto, karibu na sikio la mama. Mdogo mtu alikuwa amepata kazi ya kusafisha mabehewa ya treni, akawa analalamika kwamba sasa anaamka mapema kuliko alipokuwa na kadi. Kisha akabadilisha sauti.

"Kaka, nilikuwa namweleza mke wangu habari zako. Ananiambia huku mtu anayebaki nyumbani kumtunza mzazi mgonjwa anaweza kuomba, akaandikwa, serikali ikamlipa. Hata mchango wa uzeeni wanamwekea. Wewe ungekuwa huku, ungehesabiwa una kazi."

Darubini alikuwa anamkata mama yake kucha za mkono uliolala, kidole kimoja kimoja, na hakuinua kichwa. "Kazi gani?"

"Hiyo. Ya mama."

"Waandike nini sasa? Kwamba namgeuza mama yangu?"

"Ndiyo, kaka. Hivyo hivyo."

Darubini alipuliza vumbi la kucha. Mama yao akasema kitu kwenye simu, maneno mawili yenye mikunjo ambayo mimi sikuyaelewa. Darubini akamtafsiria mdogo wake: "Anakuuliza umekula."

"Nimekula, mama," ikasema simu.

Mama Maswali alitoka chumbani amevaa tayari kwenda zamu ya saa tisa, maana nchi mojawapo huhojiwa Jumapili. Alinisalimu, akamtengenezea mama mkwe shuka, akatazama saa ya ukutani, halafu ratiba ya kwenye friji. "Saa nane imeshapita," akamwambia mumewe.

"Namaliza kucha, namgeuza."

Akatoka. Nikavua koti nikamwambia Darubini nimsaidie, maana mama ni mzito. Alinitazama miguu na mikono kama anayekadiria, akanisogezea nafasi kando ya kitanda.

"Mkono mmoja begani, Mwalimu, mwingine nyonga. Usimvute. Nikihesabu tatu, mzungushe aje upande wako."

Akahesabu mpaka tatu. Tukamgeuza. Akaweka mto mgongoni kwake na mwingine katikati ya magoti, akaenda kutia alama.